Kioo, Karata na Mama Mwenye Nyumba: Mhusika Anayeaminika Hutoka Wapi?

Ingia kwenye klabu ya maigizo ya shule yoyote, iwe Nairobi au Dodoma, na mara nyingi utakuta kipindi kinaanza kwa namna ileile. Madawati yanasukumwa ukutani, wanafunzi wanafanya duara, kofi linapitishwa kutoka kwa huyu hadi kwa yule, anayechelewa anatoka, vicheko vinajaa chumba. Baada ya robo saa mwalimu anasema, "Haya, sasa tufanye kazi," na miswada inatolewa mikobani. Hapo kila kitu kinabadilika. Vijana walewale waliokuwa wakitazamana machoni wanasimama mstari mmoja kuielekea hadhira, mkono unapaa kwa kila sentensi, sauti iko juu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kila mmoja anangoja mwenzake anyamaze ili naye atoe maneno yake.

Hawajakosa kipaji. Wamezoeshwa, bila mtu kukusudia, kwamba michezo ni ya kuchangamsha damu na kwamba uigizaji ni jambo jingine linaloanza michezo ikiisha. Mimi nashikilia kinyume chake. Michezo ile ndiyo uigizaji wenyewe katika umbo lake dogo kabisa, na mhusika anayeaminika hujengwa kwa vitu vilevile ambavyo mchezaji wa duara anavitumia bila kujua. Ili kuliona hilo inabidi tutazame kila mchezo unamfanya nini anayeucheza.

Tuanze na lililo jepesi, yaani mwili na sauti. Hofu hupandisha mabega, hufupisha pumzi na kuibana sauti kooni hadi inakuwa nyembamba. Ndiyo maana tunanyoosha shingo, tunakung'uta mikono, tunavuta pumzi mpaka tumbo linajaa, tunaimba "mmm" midomo ikiwa imefungwa mpaka tunahisi inatetema. Kisha vitanza ndimi: "Wale wana wa Liwale wala wali wa liwali," polepole kwanza, halafu kwa kasi, bila kumeza silabi hata moja. Dakika tano hadi kumi zinatosha, na asiyekuwa na kipaza sauti asithubutu kuziruka. Lakini mwili uliolegea na sauti iliyofunguka bado havijamzaa mhusika. Vimefungua mlango tu.

Kazi inayoondoa aibu

Michezo mingi inayochezwa leo kwenye madarasa ya maigizo ilipitia mikononi mwa mwanamke mmoja wa Chicago, Marekani, aliyeitwa Viola Spolin. Alizaliwa mwaka 1906, akasoma kwa Neva Boyd, mwalimu aliyefanya kazi Hull House, kituo cha kijamii kilichowahudumia wahamiaji wa jiji hilo, na aliyeamini kwamba michezo ya jadi inaweza kuwafundisha watu kuishi na wenzao. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Spolin alikuwa anafundisha maigizo kwa watoto na watu wazima wa mitaa ya aina hiyo, watu waliotoka katika familia zenye lugha na desturi tofauti. Mihadhara juu ya sanaa ya jukwaa isingewafaa kitu, kwa hiyo akawabunia michezo. Mwaka 1963 mazoezi yake zaidi ya 200 yalitoka kama kitabu, na miaka minne kabla ya hapo mwanawe, Paul Sills, alikuwa mmoja wa walioanzisha The Second City, kundi la vichekesho lililokuza mbinu za mama yake.

Alichokiona Spolin ni hiki: mtu akipewa jambo la kweli la kufanya, aibu inamtoka. Mfikirie mtoto anayecheza nyama-nyama. Kiongozi anaita "ya ng'ombe!" na wote wanaitikia "nyama!", anaita "ya mbuzi!", wanaitikia tena, anaita "ya chui!", na aliyeitikia amekwisha. Ndani ya mchezo huo hakuna mtoto anayejiuliza aweke wapi mikono yake au kama uso wake unapendeza. Masikio yote yako kwa kiongozi. Mwili umekaa sawa wenyewe na macho yana uhai, kwa sababu akili imepata pa kushika. Spolin alitaka kila zoezi liwe na kitu kimoja kama hicho cha kuelekezea makini, naye alisimama pembeni akiwakumbusha wachezaji kwa sauti wakirudie, bila kuusimamisha mchezo.

Huko Moscow, Konstantin Stanislavski alikuwa amefika palepale kwa njia ndefu zaidi. Alikuwa mwigizaji na mwongozaji aliyeanzisha Ukumbi wa Sanaa wa Moscow mwaka 1898 pamoja na Vladimir Nemirovich-Danchenko, na alitumia maisha yake kutafuta kwa nini siku fulani mwigizaji huwa hai jukwaani na siku nyingine huwa kama gogo. Katika kitabu cha mafunzo kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1936 anasimulia darasa la kubuni ambamo mwanafunzi aitwaye Maria anapewa igizo dogo: hana fedha za kuendelea na masomo, rafiki yake amemwachia bruchi ya thamani, kipini cha kubana nguo, akiuze, na kimechomekwa kwenye pazia la jukwaa. Maria anaingia mbio, anajishika kichwa, anajifunika uso, anavuta mapazia kwa uchungu, anatoka akiwa amefurahishwa sana na alivyoigiza. Mwalimu anamuuliza: kipini kiko wapi? Amekisahau kabisa. Anarudishwa jukwaani na kuambiwa kwamba asipokipata, darasani hatabaki. Safari hii anachunguza pazia kunjo kwa kunjo, taratibu, uso umemkauka kwa wasiwasi ambao hakuupanga. Wenzake wanaomtazama hawana shaka ni mara ipi waliyomwamini.

Soma kisa hicho mara mbili, kwa sababu fundo lote limo humo. Mara ya kwanza Maria alionyesha huzuni. Mara ya pili alitafuta kipini, na huzuni ikaja bila kuitwa. Aliyekuwa anaonyesha alikuwa anajitazama mwenyewe. Aliyekuwa anatafuta alikuwa anatazama pazia. Hadhira, hata ambayo haijawahi kusoma neno moja juu ya uigizaji, huitambua tofauti hiyo mara moja. Na Maria wa mara ya pili hana tofauti na mtoto wa nyama-nyama: amepewa kazi ya kweli ndani ya hali ya kubuni.

Mwenzako ndiye chanzo

Kazi peke yake haitoshi, maana jukwaani mara nyingi hauko peke yako. Hapa ndipo mchezo wa kioo unapoingia. Wawili wanasimama wakitazamana. Mmoja anasogeza mikono, kichwa, kiwiliwili, na mwingine anamfuata kama taswira ya kioo. Baada ya muda wanabadilishana. Wanaoanza hutaka kumkomesha mwenzao kwa miondoko ya ghafla, na ni vizuri mwalimu aseme mapema kwamba anayeongoza anashinda pale tu mwenzake anapoweza kumfuata. Kisha inakuja hatua ambayo Spolin aliithamini sana: hakuna kiongozi. Kila mmoja anamfuata anayemfuata. Mkono unaanza kupanda na hakuna ajuaye ni nani aliyeuanzisha. Darasa linanyamaza lenyewe.

Augusto Boal wa Brazili, aliyefahamika kwa jukwaa lake la wanyonge, yaani maigizo ya kuwasaidia wanaokandamizwa kutafuta njia ya kujikomboa, alikuwa na mchezo wa jamii hiyohiyo. Mmoja anaweka kiganja sentimita 20 hadi 40 mbele ya uso wa mwenzake, na mwenzake analazimika kuudumisha umbali huo popote kiganja kiendapo, hata kama ni chini ya meza. Mwili unapitia mikao ambayo mtu asingeichagua kamwe, na mazoea yake ya kila siku yanavunjika. Sanford Meisner, aliyefundisha New York kwa miongo mingi, yeye alilipeleka jambo hilo kwenye maneno. Wawili wanakaa wakitazamana, mmoja anataja anachokiona, "Umevaa shati la bluu," mwenzake anarudia, "Nimevaa shati la bluu," na wanaendelea kurudiana hivyo, hawaruhusiwi kubuni sentensi ya kuchekesha. Punde maneno yanapoteza umuhimu na kinachosikika ni mtu anavyokerwa, anavyotaka kucheka, anavyolainika.

Mazoezi haya matatu yana dawa moja kwa ugonjwa ule wa mstari mmoja mbele ya hadhira. Mwanafunzi aliyekariri maneno yake ameamua nyumbani kwamba hapa atakasirika na pale atalia. Akija mazoezini na hasira aliyoipika tangu jana, hata mwenzake akisema kwa upole, yeye anafoka tu. Mhusika wake haaminiki kwa sababu hasikii. Kuamini kwetu kunaanza tunapoona neno la mmoja linamgusa mwingine usoni kabla hajafungua mdomo.

Nani yuko juu, nani yuko chini

Mwaka 1963, alipoanza kufundisha waigizaji wa Royal Court Theatre mjini London, Keith Johnstone aliona kwamba hawawezi kuigiza mazungumzo ya kawaida. Kila walichobuni kilikuwa kizito au cha kuchosha. Akawaambia kila mmoja ajaribu kuwa juu kidogo au chini kidogo ya mwenzake, kidogo tu, na mazungumzo yakapata uhai papo hapo. Kwa Johnstone hadhi ni jambo analolifanya mtu, wala si cheo alicho nacho. Mtumishi anaweza kumweka bwana wake chini kwa jinsi anavyomfungulia mlango. Anayesema bila kutikisa kichwa hupanda. Anayejigusagusa uso hushuka.

Darasani mchezo wenyewe huchezwa kwa karata. Kila mmoja anabandikwa karata kwenye paji la uso bila kuiona, kuanzia mbili, iliyo ya chini, hadi mfalme. Wanatembea kana kwamba wako kwenye harusi, na kila mmoja anawatendea wenzake kwa kadiri ya karata anayoiona. Haipiti dakika tano, mwenye mbili ameshajua, ingawa hakuna aliyemwambia. Amejua kwa namna watu wanavyompita, wanavyoangalia juu ya bega lake, wanavyokatiza maneno yake.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna hazina kubwa ya kulifanyia kazi jambo hili, na naona tunaiacha ilale. Chukua shikamoo. Inaweza kutolewa kwa goti lililokunjika au kwa mgongo uliokwisha geuka. Inaweza kumezwa nusu, au kucheleweshwa kiasi cha kumfanya mkubwa aangalie saa. Na anayepokea ana silaha zake pia: "marahaba" ya haraka, "marahaba" inayoburutwa, au kimya kifupi kabla ya jibu ambacho kinamwacha mtoaji amening'inia. Ongeza hapo "mwanangu", "mzee wangu", "bosi", "dada", na uamuzi wa kumwita mtu kwa jina lake tupu au kwa jina la mtoto wake. Kabla igizo halijaanza kusimulia chochote, salamu imeshatuambia nani yuko juu, nani anajifanya yuko juu, na nani anataka kupapindua.

Sasa tumjenge mhusika. Igizo linasema: mama mwenye nyumba anakuja kudai kodi. Mpe mwanafunzi yeyote sehemu hiyo na unajua utakachopata: mto tumboni, kanga imefungwa kwa shari, kidole hewani, makelele. Huyo ni picha iliyochukuliwa kwenye maigizo mengine. Hatumwamini kwa sababu hana sababu.

Stanislavski alisisitiza hali alizopewa mhusika, yaani ni nani, yuko wapi, ni saa ngapi, ametoka wapi, nini kimetangulia, kisha mwigizaji ajiulize: kama mimi ningekuwa katika hali hizi, ningefanya nini? Tuzijaze. Mwanamke huyu anaitwa Zuhura, ana miaka 40, na nyumba ya vyumba sita huko Manzese ameirithi kwa baba yake pamoja na kaka zake wawili. Kaka zake wanataka iuzwe. Zuhura amewaahidi kwamba akiwaonyesha kodi inaingia vizuri, nyumba itabaki. Mpangaji anayedaiwa, kodi ya miezi sita, ni Mzee Hamisi, fundi cherehani mwenye chumba cha mbele, aliyekuwa rafiki wa marehemu baba yake na aliyemshonea Zuhura sare yake ya kwanza ya shule. Ni saa kumi na mbili jioni, wapangaji wengine wako uani wanasikia kila neno, na kikao na kaka zake ni kesho asubuhi.

Tazama kilichotokea. Zuhura amekuja kudai, lakini anapaswa kwanza kumwamkia mdaiwa wake. Akisema "Shikamoo, mzee wangu," anajibiwa "Marahaba, mwanangu," na amekwisha shuka ngazi mbili kabla hajataja fedha. Asipomwamkia, uani watamsema hadi mwisho wa mwaka. Mwigizaji aliyecheza mchezo wa karata sasa ana kitu cha kufanya na mwili wake: anatafuta namna ya kutoa heshima inayotakiwa bila kupoteza nguvu aliyokuja nayo. Labda anaamkia akiwa bado amesimama mlangoni. Labda anakataa kiti anachokaribishwa. Hakuna haja ya mto tumboni.

Ukimuuliza mwigizaji, "Zuhura anataka nini?" jibu la kwanza huwa "anataka kodi." Ni kweli, lakini halichezeki, kwa sababu halimwelekei mtu. Endelea kuuliza. Anataka Mzee Hamisi afanye nini, leo, hapa, mbele yake? Anataka afungue droo ya cherehani atoe alicho nacho. Hilo linachezeka, maana litaonekana kama limetokea au halijatokea. Na njia za kulipata ni vitenzi: kumbembeleza, kumkumbusha, kumwaibisha kwa kupaza sauti uani wasikie, kumwogopesha kwa kuwataja kaka zake, kumsihi. Kila njia inaposhindwa anahamia nyingine, na uhamaji huo ndio hadhira inaouita uigizaji mzuri. Ninawasihi wanaoongoza maigizo wawape waigizaji vitenzi vya namna hii badala ya kuwaambia "kasirika zaidi." Hasira haiwezi kufanywa. Kumwaibisha mtu kunaweza.

Neno kuhusu Mzee Hamisi pia, kwa sababu wazee wanaumizwa sana kwenye maigizo yetu: mgongo wa nusu duara, fimbo inayotetemeka, sauti ya mbuzi. Keti mahali uwatazame wazee wa kweli. Mzee hajaribu kuonekana mzee; anajaribu kunyooka, anajaribu kuinuka kwenye kiti bila mtu kumwona akijishikilia. Mlevi vilevile anajitahidi kutembea kama mtu asiyelewa. Mwigizaji acheze juhudi hiyo, na umri utajionyesha. Mchezo wa kutembea ukumbini husaidia sana hapa. Darasa zima linatembea, mwalimu anasema pua iongoze, sasa kifua, sasa nyonga, sasa magoti, na kila mtu anasikiliza ni mtu gani anazaliwa ndani yake sehemu hiyo ya mwili inapotangulia. Kwa fundi aliyeinamia cherehani miaka 40, huenda ni macho na ncha za vidole.

Je, machozi? Swali hili huja kila mara, na jibu lake lina historia ya ugomvi. Huko New York, mwalimu wa uigizaji Lee Strasberg, mmoja wa waanzilishi wa kundi la maigizo la Group Theatre mwaka 1931, alitilia mkazo kumbukumbu za hisia: mwigizaji arudi kwenye tukio la maisha yake mwenyewe, alifufue, ahisi tena. Mwenzake Stella Adler hakuridhika. Mwaka 1934 alikutana na Stanislavski mwenyewe mjini Paris, wakafanya kazi pamoja kwa wiki kadhaa, na akarudi na habari kwamba mzee yule sasa aliweka uzito kwenye matendo, hali za mhusika na ubunifu. Wafuasi wa pande zote mbili wamewatoa waigizaji wakubwa, kwa hiyo sitasema upande mmoja hauna faida. Ila kwa darasa la vijana wa miaka 15 msimamo wangu ni thabiti: usimwambie mtoto akumbuke msiba wa mama yake ili alie jukwaani. Huna njia ya kujua unafungua nini, wala hujasomea kukifunga. Zaidi ya hayo anayelia kwa ajili ya msiba wake amemwacha Mzee Hamisi peke yake chumbani. Mpe Zuhura kikao cha kesho, mpe droo isiyofunguka, mpe sauti za wapangaji uani. Akilia, amelia. Asipolia na bado akawa anajizuia mbele ya rafiki wa baba yake, huenda hadhira ndiyo italia.

Linabaki swali la ratiba, maana kila kitu nilichoeleza huharibika michezo ikibaki robo saa ya mwanzo tu. Irudishwe katikati ya mazoezi, juu ya igizo lenyewe. Zuhura na Hamisi wacheze tukio lao lote kama kioo, mmoja asiweze kusogea bila mwingine kujibu kwa mwili. Wapewe karata mpya na kulicheza tena, safari hii fundi akiwa mfalme. Warudiane sentensi moja tu ya igizo mpaka ibadilike yenyewe. Na walicheze mara moja kwa lugha ya ovyo, milio isiyo na maana, zoezi ambalo Spolin alilipenda kwa sababu linamnyima mwigizaji maneno ya kujifichia. Kisha waulize waliokuwa wakitazama: huyu mwanamke alikuwa anataka nini kwa yule mzee, na alibadilisha mbinu mara ngapi? Wakiweza kujibu, rudisheni maneno. Wasipoweza, kurekebisha matamshi hakutasaidia kitu. Rudini kwenye droo ya cherehani na mwulize tena mwigizaji anafanya nini ili ifunguliwe.